Acheni Kuniuliza Lokesheni

Kila Ijumaa jioni swali ni lile lile kwenye simu yangu: "Bro, nipe lokesheni poa ya picha, isiwe mbali, isiwe ya pesa." Anayeuliza anaishi Umoja, au Donholm, au Buruburu, au Kahawa West. Amepita kuta mia, miti hamsini na vibanda visivyohesabika akitoka stejini mpaka nyumbani, halafu amekaa kitandani akaniandikia kwamba kwao hakuna mahali pa kupigia picha.

Zamani nilikuwa najibu. Nilikuwa na orodha kabisa: msitu huu, bustani ile, kafe fulani ambayo ukinunua chai moja hawakufukuzi. Siku hizi sijibu, na si kwamba nina roho mbaya au naficha siri ya biashara. Nimeamua kwamba swali lenyewe ni gonjwa, na nikiendelea kulijibu nalilisha.

Mitaa ya Nairobi haina uhaba wa sehemu za kupigia picha. Ina mambo mawili mengine. La kwanza, tumefundishwa kuona aibu tunapoishi, hadi tukitaka kuonekana wazuri lazima kwanza tupande matatu tukaonekane kwingine. La pili, kuna watu wanaofunga kila kipande kilichokuwa wazi, wanaweka geti, wanaweka soja, kisha wanatuuliza kama tuna barua. Hayo mawili yanasaidiana. Mahali usipopathamini hutapigania siku pakifungwa.

Tuanze na aibu, kwa sababu hiyo ni yetu wenyewe.

Fungua simu yako uangalie Nairobi ya Instagram. Utaona maporomoko ya maji ya Karura. Utaona mianzi ya Karura. Utaona mtu amekaa kwenye nyasi za Arboretum, mwingine amesimama juu ya KICC ameupa mji mgongo, mwingine yuko milima ya Ngong na mitambo ya upepo nyuma yake. Kisha utaona kafe, kafe, kafe. Ukikutana na Kayole, ni habari za uhalifu. Ukikutana na Pipeline, ni mtu anacheka jinsi fleti zilivyobanana. Sasa kijana aliyezaliwa Pipeline, akatembelea miguu Pipeline, akapendwa mara ya kwanza Pipeline, ataonekana wapi? Ataonekana Karura, msituni, ameegemea mti asioujua jina, na chini ameandika "home".

Na preseti nazo! Kuna ile rangi ya kijani kibichi kilichonuna, ile inayofanya saa saba mchana ya Embakasi ifanane na Norway. Mchanga mwekundu unageuzwa kahawia ya kahawa. Ngozi ya mtu inapaushwa hadi mamake akiiona anauliza kama aliugua. Mtu analipia programu ya kuondoa Nairobi kwenye picha ya Nairobi. Hiyo si ladha, wasee. Hiyo ni aibu iliyopewa jina la mtindo.

Sina ugomvi na Karura. Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa hadi kuvuja damu walipokwenda kupanda mti kwenye msitu ule, wakati viwanja vyake vilikuwa vinagawiwa watu wenye majina. Miaka kumi kabla ya hapo, mwaka 1989, alisimama dhidi ya jengo la ghorofa 60 lililotakiwa kujengwa ndani ya Uhuru Park, na bunge likamkejeli. Leo tunatandika shuka mahali hapo kwa sababu yake. Lakini soma vizuri alichokuwa anasema. Alikuwa anasema mahali pa umma ni pa umma. Hakusema tuwe na misitu miwili na bustani tatu, tulipe kiingilio getini, halafu mtu akionekana na kamera kubwa aulizwe habari ya ada ya pili, na mitaa mingine yote ibaki kuta za mawe na nyaya za umeme. Ukimwambia kijana wa Umoja kwamba uzuri uko Karura, umemwambia uzuri una nauli na una risiti.

Watu wenye kamera walitutangulia na hawakuwa na shida hii. Miaka ya 1990, karibu na kivuko cha Likoni pale Mombasa, wapiga picha walikuwa na vibanda vya mbao vilivyopambwa kwa vitambaa, maua ya plastiki na michoro ya mandhari. Abiria wa feri, wengi wao watu wa bara waliokuja pwani kutafuta kazi, walisimama hapo wakapigwa, wakatuma picha nyumbani. Lokesheni ilikuwa njia ambayo watu walikuwa wanapita tayari. Kule Bamako, Malick Sidibé alikuwa na studio ndogo mtaani Bagadadji, na Jumapili aliwafuata vijana wa mtaa hadi kando ya mto Niger walikokwenda kuogelea na kucheza muziki. Leo picha zile ziko kwenye makumbusho makubwa ya dunia. Hakuwatoa watu wake Bamako ili wapendeze.

Sasa mtu ataniambia: hayo ni maneno matamu, lakini mteja anataka picha nzuri, na mtaani kwetu hakuna kitu. Basi tuongee ufundi kidogo, kwa sababu wanaosema hakuna kitu mara nyingi wanatafuta vitu wakati picha inatengenezwa na mwanga.

Nairobi iko nyuzi moja na kidogo tu kusini mwa ikweta. Maana yake ni kwamba jua linazama karibu saa 12:30 jioni mwaka mzima, na linazama wima, kama mtu aliyeangusha shilingi. Ule mwanga wa dhahabu ambao wazungu kwenye video za YouTube wanaupiga masaa mawili, sisi tunaupata kwa muda mfupi kisha giza. Ukiwa kwenye foleni ya Thika Road saa 11:30 unaelekea msituni, mwanga umekupita ukiwa ndani ya matatu. Mwanga huo huo ulikuwa unapiga ukuta wa nyumba ya jirani yako. Huo ni ubishi wa kwanza dhidi ya lokesheni ya mbali, na hauhitaji falsafa yoyote.

Ubishi wa pili: ukuta mmoja hapa kwetu ni lokesheni mbili. Mwezi Juni na Julai jua la mchana liko upande wa kaskazini. Desemba na Januari liko kusini. Ukuta wa bluu unaotazama kaskazini, uliouona Desemba ukiwa kwenye kivuli kitulivu, Juni utakuta unawaka. Anayeishi hapo analijua hilo. Anayekuja mara moja na orodha ya lokesheni halijui. Machi na Septemba jua linazama magharibi kamili, kwa hiyo tafuta barabara ya mtaa wenu inayoenda mashariki na magharibi, simama katikati jioni moja uangalie linavyokaa mwisho wa lami kama limewekwa. Mwezi Julai, ile baridi yenu ya kulalamikia na mawingu yasiyotoka siku nzima ni softboksi kubwa kuliko yoyote iliyo studio, na haina kodi.

Halafu vitu vyenyewe, kwa wale wanaosisitiza vitu.

Juu ya fleti unayoishi kuna kamba za nguo. Shuka jeupe lililoanikwa ni kichujio cha mwanga. Msimamishe mtu nyuma ya shuka, jua likiwa mgongoni kwake, upige kivuli chake, au msimamishe mbele upate uso laini saa nane mchana. Pale wanapooshea magari kuna maji yanaruka hewani. Piga kuelekea jua, kila tone litakuwa taa. Kwa fundi wa mageti kuna mabati yaliyoegeshwa, mengine yamepakwa rangi nyekundu ya kuzuia kutu, na hakuna studio Nairobi yenye mandhari ya nyuma kama hiyo. Kibanda cha M-Pesa kina kijani chake. Kinyozi ana vichwa vilivyochorwa ukutani kwa mkono, kazi ya msanii ambaye hamumjui jina na ambaye mtaani anaitwa tu "yule wa kuchora". Barabara ya murram inarudisha mwanga mwekundu chini ya kidevu cha mtu aliyevaa shati jeupe. Ua wa kayaba uliokatwa vizuri ni kijani kizito kisicho na mwisho. Septemba hadi Novemba jakaranda zinamwaga zambarau, na hazijali kama chini yake kuna benchi ya kafe au mtu wa mahindi choma. Kwenye uchochoro kati ya fleti mbili za Pipeline mwanga unashuka kutoka juu kama ndani ya kisima, na uso wa mtu aliyeinua kidevu pale chini ni picha tayari. Na ukikosa vyote hivyo, mtaa wako una steji, na kwenye steji kuna matatu zilizochorwa na watu wanaojua rangi kuliko sisi wote.

Hiyo orodha nimeitoa bure. Hakuna hata kitu kimoja ndani yake kilichoko mbali na nyumba yako.

Lakini nikisema aibu ndiyo shida yote nitakuwa nimewadanganya. Kuna geti.

Chukua Buruburu. Ilianza kujengwa miaka ya 1970, kwa awamu, nyumba zenye paa za vigae zimepangwa kwa korti, na kati ya korti na korti kulikuwa na vijia vya kupita kwa miguu na vipande vya wazi ambapo watoto walicheza. Muulize mtu yeyote aliyekulia pale akuonyeshe njia aliyokuwa anapita kwenda shule. Nusu ya safari atafika kwenye ukuta. Vijia vimezibwa, uwanja umekuwa maegesho, mbele ya nyumba pameota fleti, na kila korti ina geti lake, daftari lake la wageni na soja wake. Mtaa uliochorwa ili watu wapite umekuwa mtaa wa kuuliza "unaenda kwa nani?" Na Buruburu ni mfano tu. Syokimau, Utawala, Ruaka, Kitengela, kote huko mitaa inazaliwa siku hizi ikiwa na geti tayari kabla ya kuwa na mti.

Basi beba kamera upite hapo. Nimesimamishwa mara nyingi hadi naujua mchezo. Soja anakuja polepole, mkono mmoja kwenye redio.

"Kijana, hapa hapigwi picha."

"Mzee, shikamoo. Hapa ni barabarani."

"Najua ni barabarani. Una barua?"

"Barua kutoka kwa nani, mzee?"

Hapo huwa anafikiria kidogo. Hajui barua inatoka kwa nani, kwa sababu hakuna barua. Aliambiwa tu na aliyemwandika kazi kwamba asiruhusu kamera. Wakati huo huo nyuma yake wasichana watatu wanarekodi TikTok kwa simu, wanacheza kwenye geti analolinda, na hawasemeshi. Simu ile ina lenzi tatu na inarekodi video ambayo kufikia jioni itakuwa imeonwa na watu wengi kuliko picha zangu zote za mwaka. Lakini kamera yangu ni nyeusi na ina mkanda, kwa hiyo mimi ndiye tishio.

Nasema hivi nikimheshimu yule mzee. Anasimama masaa 12 kwa mshahara mdogo na akikosea anapoteza kazi. Ugomvi wangu uko na aliyemtuma.

Wanaomtuma wana jibu moja: usalama. Na si jibu la kudharau. Mji huu ulizika watu wa Westgate mwaka 2013, ukazika wa Riverside Drive Januari 2019. Hofu ya mtu anayepima majengo kwa kamera ina sababu. Lakini hofu ya kweli ina tabia yake: inakuwa sawa kwa kila mtu. Kama picha ya geti ni hatari, basi simu ni hatari, na kamera ya gari ni hatari, na picha ya setilaiti ambayo kila mtu anaiona kwenye ramani ya simu ni hatari zaidi. Ukikataza kamera kubwa peke yake, na ukawa tayari kuiruhusu ikilipwa, usalama umeshatoka kwenye mazungumzo. Nimewahi kuambiwa kwenye duka kubwa moja la mtaani kwamba kupiga picha nje, kwenye ngazi, ni hatari, lakini elfu kadhaa kwa ofisi ya juu ingeifanya isiwe hatari. Gaidi gani huyo anayezuiliwa na risiti?

Siku hiyo nilikuwa na dada mmoja aliyemaliza chuo. Mimi mwenyewe nilitoka chuo mwaka wa pili, karo ilipogoma, kwa hiyo joho nalijua kwa kulipiga pasi za wengine na kulipanga mabegani ili likae vizuri kwenye picha. Yeye alitaka zile ngazi kwa sababu wenzake wote walipigwa kwenye ngazi. Tulipofukuzwa alikasirika, akanyamaza njia nzima. Tukapita kwa mamake kumrudishia funguo. Mamake anauza mboga kando ya barabara: meza ya mbao, mwavuli, sukuma zimefungwa kwa mafungu, nyanya zimejengwa piramidi. Ilikuwa inakaribia saa 12 jioni na jua lilikuwa linaingia chini ya mwavuli.

Nikasema, "Mama, tunaweza kupiga hapa?"

"Hapa kwa nyanya? Kijana wangu, mpeleke mtoto mahali pazuri."

Dada akacheka, akaingia nyuma ya meza akiwa na joho lake. Mteja akafika katikati ya kazi akitaka sukuma ya ishirini. Mama hakusimamisha biashara. Akakata, akafunga, akapokea pesa, mtoto akiwa ameshika kofia ya mahafali kando yake. Hiyo ndiyo picha waliyoichapisha kubwa na iko ukutani kwao. Zile za ngazini kila mtu anazo.

Mama alisema mahali pazuri ni kwingine. Yeye aliyelipa karo kwenye meza ile ile. Huu ndio ugonjwa ninaouzungumzia, na hakuambukizwa na Instagram. Aliambukizwa na mji mzima unaomwambia kila siku, kwa lori la kanjo na kwa geti la duka kubwa, kwamba mahali alipo ni uchafu unaongoja kuondolewa.

Sasa niwageukie wenzangu wenye kamera, kwa sababu na sisi hatuko safi.

Kuna mwenzetu anayetoka upande ule mwingine wa mji, anateremka Kibera au Mathare na mwanamitindo wa viatu virefu, anamsimamisha kwenye reli, watoto wa pale wakiwa mandhari ya nyuma, kisha anaita hiyo kazi "raw". Hajasalimia mtu. Hajui jina la mtoto hata mmoja. Huyu hajapenda mtaa. Amekodi umaskini kwa masaa mawili bila kulipa. Nikisema pigeni picha mitaani, sisemi hivyo. Nasema pigeni mitaani kwenu, mahali ambapo kesho asubuhi utakutana na uliyempiga dukani na atakuuliza picha iko wapi.

Na sheria tuijue pande zote. Katiba ya 2010, Kifungu cha 33, inalinda uhuru wa ubunifu wa sanaa. Kifungu cha 31, mlango wa karibu kabisa, kinalinda faragha ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ina meno: mwaka 2023 kamishna wa data aliitoza shule moja ya Uthiru faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuweka hadharani picha za watoto bila idhini ya wazazi, na klabu moja jijini ikatozwa milioni 1.85 kwa kuweka picha ya mteja aliyekuwa anajiburudisha. Sioni hizo kama habari mbaya kwetu. Ukuta hauna faragha, mtu anayo. Uliza. Mama wa mahindi akisema hapana, ni hapana, hata kama moshi ulikuwa umekaa vizuri namna gani. Mtoto si wako, tafuta mzazi. Anayetaka uhuru wa kupiga barabarani na hataki kuomba ruhusa ya uso wa mtu anataka kuwa geti jingine tu.

Nimefika kwenye jambo linalonifanya niandike haya badala ya kunyamaza na kuuza picha zangu.

Mitaa hii inaondoka. Pangani ya zamani, zile nyumba za chini za kaunti, zilibomolewa kupisha minara. Mitaa ya Eastlands iliyojengwa na mkoloni kwa ajili ya wafanyakazi, ile yenye nyasi katikati na milango inayotazamana, iko kwenye mipango ya kuvunjwa na kujengwa upya. Labda nyumba mpya zitakuwa bora. Watu wanastahili maji na choo kisichoshirikiwa. Lakini nenda utafute picha za maisha ya ndani ya mitaa hiyo, zilizopigwa na watu wake. Utapata ramani, utapata picha za wanasiasa wakikata utepe, utapata picha za tingatinga. Za Jumapili mchana watu wakisukana nywele mlangoni, utaomba kwenye albamu za watu binafsi, kama hazikunyeshewa. Sisi ndio kizazi cha kwanza ambapo karibu kila kijana ana kamera mfukoni, na tumeitumia kupiga msitu mmoja mara milioni.

Na picha ya mahali ni zaidi ya kumbukumbu. Ni ushahidi. Januari 2015 wanafunzi wa shule ya msingi ya Lang'ata Road walirudi kutoka likizo wakakuta ukuta umezunguka uwanja wao wa kuchezea. Walipojaribu kuusukuma pamoja na wanaharakati, Boniface Mwangi akiwa miongoni mwao, na yeye ni mpiga picha kwa kazi, polisi waliwarushia watoto vitoa machozi. Picha za watoto wenye sare wakikimbia moshi zilizunguka dunia siku hiyo hiyo, na serikali ikalazimika kuurudisha uwanja. Fikiria uwanja wa mtaa wako, ule usio na shule ya kuutetea. Siku mabati yatakapozungushwa na mtu akaja na karatasi kusema hapa palikuwa wazi tu, hapana matumizi, wewe utaonyesha nini? Picha zako ziko Karura.

Kwa hiyo kama bado mnataka niwape lokesheni, hii hapa, na ni ya mwisho. Toka nje ya nyumba yako saa 12:30 asubuhi, saa saba mchana na saa 11:30 jioni, siku moja, bila kamera. Tembea dakika kumi kila upande na uangalie mwanga unaangukia wapi. Siku ya pili salimia watu wa sehemu tatu ulizopenda, uwaambie unachofanya. Siku ya tatu njoo na kamera, au na simu, haina haja ya kuwa kubwa. Ukipiga mtu, rudi na picha iliyochapishwa kwa karatasi. Gharama yake ni ya chai, na baada ya hapo soja mwenyewe atakuitia watu. Kisha chagua kipande kimoja cha wazi kilichobaki mtaani kwenu, uwanja, kijia, kona yenye mti, na ukipige kutoka sehemu ile ile kila mwezi. Andika tarehe. Weka nakala mahali ambapo simu ikiibwa hazipotei.

Na ukisimamishwa barabarani ukaulizwa barua, uliza kwa adabu inatoka ofisi gani na kwa sheria ipi. Uliza kwa sauti ambayo majirani wanasikia. Wengi wao wamekuwa wakitaka kuuliza hivyo hivyo tangu kijia chao kilipozibwa.